Mfupa Unaoning'inia

Leo fundi wa viatu vya farasi kaja bandani, na kwa mara ya kwanza kaniachia mimi nishike mguu huku yeye akipiga tupa. Karibu mwaka mzima wa usaisi, nami nilikuwa najua kwato kwa kuzisafisha tu.

"Mwanangu, huyu kasimama juu ya nini?" akaniuliza. Nikamgusia wayo. "Hapana. Mfupa wake unaning'inia."

Akanieleza polepole. Ndani ya ukwato mna mfupa wenye umbo kama la ukwato wenyewe, nao haukukalia wayo. Umeshikwa na ukuta kwa vijitando vilivyopangana kama matamvua ya samaki, takriban 600, na kila kimoja kina vingine vidogo zaidi ya mia. Vya mfupa vinapishana na vya ukuta kama vidole vya mikono miwili. Mguu ukikanyaga, mfupa unashuka kidogo, ukuta unapokea mzigo, kisigino kinatanuka. Kile kinyama cha pembetatu kilicho chini ya ukwato, kigumu kama mpira, kinapunguza kishindo.

Farasi jike huyu ana kilo zipatazo 500. Miguu ya mbele hubeba kama asilimia 60, yaani kilo 150 kila mmoja, hapo amesimama tu. Akienda mbio, ukwato mmoja unaweza kupokea zaidi ya mara mbili ya uzito wake wote. Na ukwato wenyewe ulikuwa umeenea kiganjani mwangu!

Mchana kutwa nimemfikiria Barbaro, farasi bingwa wa Kentucky Derby ya 2006, mbio mashuhuri za Marekani. Wiki mbili baada ya ushindi alivunjika mguu wa nyuma wa kulia, nami siku zote niliamini mvunjiko ndio uliomuua. Kumbe mfupa ulikuwa unaunga. Ni mguu wa kushoto, uliobebeshwa mzigo bila kupumzika, ambao vijitando vyake viliachia. Maana damu ya ukwato huzunguka vizuri mguu ukikanyaga na kuinuka, kukanyaga na kuinuka. Baadaye hata miguu ya mbele iliugua, na Januari 2007 ikabidi wamchome sindano ya mwisho. Inaniuma mpaka sasa.

Jioni, kabla ya kufunga, nimepita kila chumba na tochi. Jike alikuwa amelegeza mguu wa nyuma wa kushoto. Nikasubiri. Baada ya muda akauhamishia uzito, akaulegeza wa kulia.