Mjomba, Geuza

Mashine ya santuri ya marehemu mjomba sasa iko kwangu, juu ya kabati la vyombo. Ilikaa Tanga miaka mingi chini ya kitanda, imefunikwa khanga. Mkanda wa mpira unaozungusha sinia ulikuwa umelegea kama tambi iliyoiva, waimbaji wote wakasikika kama wanasinzia. Fundi redio alipima kwa uzi, na baada ya siku tatu akaja na mkanda mwingine.

Kichwani mwa sindano bado imebandikwa senti 20, ile ya mbuni. Mjomba aliiweka ili sindano isiruke. Wajuzi watasema uzito huo unaila santuri, na ni kweli. Nimeiacha hapohapo.

Wengi husifia sauti. Mimi masikio hayo sina, na santuri zangu zinalia kama vitumbua vinavyokaangwa. Ninachokipenda ni kule kugeuza.

Sahani ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, iliyoanza kuuzwa Marekani 1949, upande wake mmoja hubeba dakika nne au tano hivi. Dansi letu halimaliziki hapo, kwa hiyo wimbo ulipasuliwa sehemu mbili. Upande wa kwanza ni maneno: barua, mapenzi, mke aliyerudi kwao. Unazimika taratibu. Ukigeuza, magitaa yanapamba moto, na ndiko wachezaji walikokuwa wanakungoja.

Kazi ya kugeuza ilikuwa yangu, nikiwa na miaka saba. "Mjomba, geuza!" ananiita, nami namwitikia mjomba vilevile. Sebuleni watu wamesimama wameshikana, hakuna anayemwachia mwenzake, wote wananitazama mimi na vidole vyangu. (Siku moja nilirudisha upande uleule. Sitasahau.)

Kuukata wimbo hakukuanza na dansi. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, sahani zilikuwa za mizunguko 78 kwa dakika, upande mmoja dakika tatu na ushei. Taarabu, muziki wa kukesha, ipimwe kwa dakika tatu! Na bado zikauzika, watu wakajazana mikahawani kusikiliza sauti ya Siti ikitoka kwenye gramafoni.

Santuri nyingi za mjomba zimechapwa Nairobi, hata zile za bendi za Dar es Salaam. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa 1977, alibaki na alizokuwa nazo. Ndiyo maana kila moja ina jina lake kwa kalamu ya wino, waazimaji wasijisahau.

Juzi binti yangu kanifungulia mtandaoni wimbo mmoja wa zile. Wameunganisha pande zote mbili, dakika tisa hazikatiki. Ulipofika pale pa kuzimika, nilikuwa nimeshanyanyuka kwenye kiti.