Matawi ya Fuwele Ndani ya Kompyuta

Kwa majuma kadhaa nimekuwa nikiiga katika kompyuta namna aloi (mchanganyiko wa metali) ya alumini na shaba inavyoganda, na kila ninapoliona tawi la fuwele likichipuka kutoka kwenye mbegu ndogo, ni vigumu kwangu kuondoka mezani. Alumini safi huganda kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Ikichanganywa na shaba huanza kuganda chini ya hapo, na fuwele inayojijenga huirudisha sehemu kubwa ya shaba kwenye kimiminika kilicho mbele yake. Shaba hiyo ikirundikana huchelewesha ugandaji, lakini ncha iliyotangulia kidogo hukutana na kimiminika chenye shaba pungufu, hivyo hukua upesi na kuziacha nyuma sehemu za kando. Hapo ndipo matawi yanapozaliwa.

Kazi ngumu ni kuufuata mpaka kati ya yabisi na kimiminika, kwa kuwa haukomi kubadilika umbo. Mbinu ninayoitumia, ambayo Ryo Kobayashi wa Japani alionyesha uwezo wake mwaka 1993, huipa kila nukta namba kati ya 0 (kimiminika) na 1 (yabisi), na mpaka wenyewe huwa ukanda mwembamba ambamo namba hiyo hubadilika taratibu. Kwangu mimi, huo ni uamuzi wa busara kubwa.

Mwaka 2011 watafiti wa Tokyo walitumia vichakataji vya michoro (GPU) 4,000 vya kompyuta kuu ya TSUBAME 2.0 kuiga ugandaji wa namna hii katika vipimo vitatu.