Kumbukumbu ya mradi: kiti cha dereva kwenye nakala ya Lotus Seven

Chasisi ya nakala yetu ya Lotus Seven, gari dogo la michezo lililo wazi juu, imekamilika na sakafu ya alumini imeshapigwa riveti. Sasa ni zamu ya kiti. Pedali na usukani bado vimeshikiliwa kwa vibano tu, na ni makusudi. Ukifunga usukani kwanza ndipo utafute kiti, utaishia na magoti yaliyokwama chini ya dashibodi, maana humu hakuna pa kusogea: ubavuni kuna bomba la chasisi, katikati kuna handaki la propela (shafti inayopeleka nguvu ya injini nyuma), mgongoni kuna ukuta unaokutenga na akseli. Seven ya Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, iliyotoka mwaka 1957, ilikuwa na mito tu iliyolazwa karibu na sakafu. Kwa dereva mrefu njia hiyo haijapata mpinzani hadi leo.

Upana kwenye usawa wa makalio ni sm 41. Dereva akiketi na suruali nzito anachukua sm 39. Kiti cha faibaglasi cha dukani chenye mabawa ya sm 46 hakiingii, na hata kingeingia, reli zake zingekiinua sm 2.5 nyingine. Kwenye gari hili kimo hicho ni kikubwa mno: macho yanapanda juu ya kioo na upepo wote unaishia usoni.

Kipimo cha kichwa tumekifanya kwa ubao mnyoofu, uliolazwa toka juu ya upinde wa chuma ulio nyuma ya dereva hadi juu ya bodi mbele ya usukani. Helmeti inatakiwa ibaki angalau sm 5 chini ya ubao. Kwa mto wa sponji wa sm 8 helmeti iligusa. Kwa sponji ngumu ya sm 2 ilibaki sm 6. Basi chini ni sm 2, na mgongo unamiminwa kwa povu la poliurethani la makopo mawili, yaani kemikali mbili zinazovimba zikichanganywa, ndani ya mfuko uliowekwa nyuma ya dereva ili povu lishike umbo lake.

Mmimino wa kwanza uliharibika. Mchanganyiko wote ulimwagwa kwa mkupuo, povu likakimbilia penye upenyo, yaani chini ya mapaja, likamnyanyua dereva sm 3. Mfuko nao ukawa moto, kwa sababu povu nene halipitishi joto linalojitengenezea lenyewe.

Mara ya pili tulimimina gramu 400 kwa awamu, mara tatu. Kwa povu la kilo 40 kwa mita ya ujazo, kila awamu inatoa lita 10. Mfuko mnene wa taka, uliowekwa ndani ya mwingine, unakaa nyuma ya kiuno kwanza, halafu mabegani. Bodi yote ifunikwe nailoni, maana povu likishika alumini halitoki. Dereva afunge mkanda ukaze, miguu kwenye pedali, mikono kwenye usukani, asijitingishe mpaka kidole kikibonyeza povu kisiache alama. Fanyeni kazi hii nje, na barakoa ya chujio la kemikali na glavu: moshi wake unaumiza mapafu. Kisha povu linachongwa kwa msumeno wa chuma, panaachwa shimo dogo penye kifandugu, na linavalishwa reksini.

Bamba la kukalia linafungwa kwa bolti nne za M8 (kipenyo mm 8), kila moja ikiwa na kipande cha chuma cha mm 3, sm 5 kwa 5, chini ya sakafu. Washa ndogo peke yake huichana alumini. Mikanda haifungwi hapo hata kidogo; inashika chasisi yenyewe. Ya mabegani itoke nyuma ikiwa sawa na bega au ikishuka kidogo. Ikishuka sana, ajali ikitokea inaukandamiza uti wa mgongo. Ya kiunoni ilale juu ya mifupa ya nyonga, isipande tumboni.

Baada ya hapo ndipo usukani. Mabega yakiwa yameegemea, kifundo cha mkono kinatua juu ya duara. Usukani wa mm 350 uligusa mapaja. Wa mm 300 umeacha nafasi. Klachi ikikanyagwa hadi mwisho goti bado limekunjika kidogo, kwa viatu vyembamba vya soli bapa.

Kilichobaki ni kuchomelea mabano ya pedali, kisha kiti cha abiria.