Jumapili za jazi Kihesa: kumbukumbu ya mradi wangu

Juni. Baridi ya Iringa imeshika, jua likizama hakuna anayetaka kukaa nje. Mradi umepata majira yake. Jumapili jioni tunakutana sebuleni kwangu, wengi wetu wanakwaya, kila mmoja kwa zamu analeta albamu moja kwenye flashi. Tunaisikiliza mwanzo hadi mwisho, marufuku kuruka wimbo. Mimi naleta jazi ya Marekani, wengine walete ya kwao au ya mbali. Wazee wakisikia jazi wanategemea Morogoro Jazz na Mbaraka Mwinshehe. Zamu yao ipo, wasiwe na hofu.

Nimefungua na Kind of Blue ya Miles Davis, 1959. Watu huiogopa bure. "So What", wimbo wake wa kwanza, haina msururu wa kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) za kukariri. Imba kuanzia re mpaka re ya juu bila kupandisha wala kushusha noti yoyote, hiyo ndiyo skeli, yaani ngazi ya noti za wimbo. Inakaa hapo vipimo 16 (kila kipimo mapigo manne), inapanda nusu toni kwa vipimo 8, inarudi ilikotoka kwa vipimo 8. Mwalimu wetu wa kwaya alifumba macho, na kila ilipopanda akainua kidole. Hakupitwa hata mara moja. Coltrane alipoingia na saksofoni, akafumbua.

"Mwanangu, huyu ana haraka ya kwenda wapi?"

"Haendi popote, mwalimu. Anazunguka humo humo kwenye re."

"Basi ana maneno mengi."

Yeye kampenda Bill Evans kwenye piano. Simbishii.

Julai. Time Out ya Dave Brubeck, nayo ya 1959. "Take Five", ule wa mapigo matano aliotunga Paul Desmond, ulipita vizuri. Kelele zilikuja na "Blue Rondo à la Turk". Brubeck alikuwa ziarani Uturuki mwaka 1958 akawasikia wanamuziki wa mtaani wakipiga mapigo tisa, ila hawayagawi tatu-tatu-tatu. Yanakwenda mbili-mbili-mbili-tatu. Tukayapiga kwenye meza: moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu. Inarudiwa hivyo mara tatu, halafu mzunguko wa nne ndio unakuwa tatu-tatu-tatu, na hapo ndipo chai ilipomwagika. Shemeji yangu, asiyejua noti hata moja, aliushika kabla yetu sisi wasoma noti. Alikuwa anahesabu kwa mabega.

Umeme ulikatika katikati ya albamu. Spika ina betri, tukaendelea.

Wiki iliyofuata dada mmoja wa Dodoma aliyeolewa huku alileta Chibite ya Hukwe Zawose, iliyotolewa Uingereza na lebo ya Real World mwaka 1996. Ugogo tunapakana nao pale bwawa la Mtera, lakini wengi sebuleni walikuwa hawajawahi kukaa na albamu nzima ya Mgogo. Ilimba, ala ya vidole ya Wagogo, inatiririka chini, sauti yake inapaa mpaka unadhani kaingia mtu mwingine. Mwalimu akatoa kalamu aiandike kwa do-re-mi, akakwama kwenye noti moja: imepita la, haijafika ta (ti iliyoshushwa nusu toni). Alikuwa sahihi. Wagogo wanafuata zile sauti za asili zinazozaliwa juu ya sauti moja nene, na noti hiyo haimo kwenye piano. Aliirudia kwa mluzi jioni nzima, mpaka mkewe akamwambia, "Baba, inatosha."

Baada ya hapo Mulatu Astatke hakuhitaji utangulizi. Mulatu of Ethiopia ni ya 1972. Huyu alisoma muziki Uingereza kisha Marekani, akazichukua skeli za kwao zenye noti tano akazipigia vibrafoni na tarumbeta za jazi. Waliomwona Coltrane ana maneno mengi waliomba irudiwe. Kwa hiyo nimepangua ratiba: mgeni sasa anaanza na Zawose, anafuata Mulatu, Miles baadaye. Mashabiki wa jazi watanuna, lakini sikio la huku linafunguka haraka zaidi kwa njia hiyo.

Agosti ni zamu ya Abdullah Ibrahim wa Cape Town na "Mannenberg" ya 1974. Pia natafuta rekodi ambazo Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alizifanya kwa Wahehe mwaka 1950, hasa za ligombo, ala yao ya nyuzi. Mwalimu kasikia kuna mzee upande wa Kalenga bado analo na analipiga. Nauli tumeshachanga, tunasubiri apokee simu.