Siku moja maishani mwangu: mtu wa maabara ya vinyama

Watu wakisikia nafanya kazi maabara wanajua napima malaria na mkojo. Hapana, mimi niko histolojia. Ukikatwa uvimbe huko theata kinyama kinaletwa kwetu, sisi ndo tunaandaa slaidi ambayo daktari wa patholojia anaisoma na kusema kama ni kansa au sio.

Saa 1 asubuhi nipo ndani, baridi ya Mbeya ya Julai acha tu. Natoa vinyama kwenye mashine, vimeshinda humo usiku kucha vikipita alkoholi, zailini (kemikali ya kuondoa alkoholi), mwisho nta ya moto.

Saa 3 naanza kukata na hapa ndo kazi yenyewe ilipo. Bloku, yaani kinyama kilichogandishwa ndani ya nta, lazima iwe ya baridi, wembe mkali, unazungusha mpini wa mashine ya kukatia taratibu utepe unatoka wa maikroni 4, yaani sehemu nne za elfu ya milimita, ukiupumulia tu umeruka. Unaudaka kwa brashi unaulaza juu ya maji ya uvuguvugu unajinyoosha, ndo unaupandisha kwenye kioo.

Niko katikati ya utepe, dirisha likagongwa. "Dada, majibu ya mdogo wangu wa kike yako wapi, leo siku ya tisa, mbona malaria mnatoa dakika 15!" Kuangalia rejista, kinyama tumekipokea juzi. Huko kilikotoka kilikaa kikisubiri gari, ila anayefokewa ni mimi. Mara tumekipoteza, mara tunataka hela ya chai, na benchi zima linanitazama. Namwambia kaka yangu, nyama lazima ikae kwenye formalini kwanza isioze, halafu mashineni, halafu kukata, halafu rangi, yeye anasema hizo hadithi, na huku bloku yangu inapata joto nitaanza upya.

Nikachukua fomu. Imeandikwa "uvimbe mkononi", basi. Nikamuuliza, kwani dada yako anaumwaje? Hapo ndo akapoa. Akasema ni vijivimbe vigumu, rangi ya wekundu na kahawia, vimejikusanya begani hadi mkononi, kimekatwa kimoja tu. Akishika maji ya baridi asubuhi, au mtoto akimgonga hapo, analia kabisa. Wamempaka dawa za fangasi mpaka wamechoka. Na kizazi kimeshatolewa kwa ajili ya faibroidi, hata miaka 30 hajafika, mama yao naye hivyo hivyo. Nikayaandika yote kwenye fomu.

Mchana umeendaje sijui, rangi, slaidi, rangi, chai nimeinywa ya baridi nikiwa nimesimama.

Saa 9 na kitu daktari akaniita nichungulie kwenye darubini slaidi ya yule dada. Seli ndefu zimelala mafungu mafungu yanapishana, viini virefu ncha butu kama sigara, na hazigawanyiki ovyo. Akasema leiomayoma, uvimbe wa misuli laini ya ngozi, sio kansa. Unaota kwenye vile vimisuli vinavyosimamisha vinyweleo ukisikia baridi, na baridi ndo inawachoma sana wenye nao. Faibroidi nayo ni misuli laini, ila ya kizazi. Vikikutana vyote viwili kwenye familia moja, akasema, lazima uifikirie hitilafu ya jeni iitwayo FH (jeni ni maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi), mzazi akiwa nayo kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuirithi, na hiyo inaweza kuleta kansa ya figo, kali kweli. Kwa hiyo ripoti inaandikwa figo zichunguzwe, na ndugu pia. Kwa ile fomu ya maneno mawili ingeandikwa sio kansa, faili likafungwa.

Bado anataka rangi ya trikromu, msuli unatoka mwekundu na kolajeni, zile nyuzi zinazoshikilia ngozi, ya bluu. Maana yake nirudi kukata, wenzangu wanabeba mikoba, mgongo wangu hauna hamu na kiti kile.

Nikampigia yule kaka, majibu kesho mchana, daktari wenu atawaeleza. Akaniuliza kansa au sio, ila majibu hayatolewi kwa simu na sio mimi wa kuyatoa. Nikamwambia tu aje na dada yake mwenyewe, na ndugu yeyote mwenye vivimbe kama vile. Akasema hata yeye anavyo viwili mgongoni, alijua chunusi sugu. Nikamwambia asivipake kitu, kesho amwonyeshe daktari huyo huyo. Nimetoka kazini saa 1 usiku.