Majibu Hasi, Lakini ya Lini?

Mimi na mchumba wangu tulikubaliana kupima VVU kabla barua ya posa haijaletwa nyumbani kwetu. Yeye foleni ya kituo cha afya hakuitaka kabisa. Mtaani kwetu hapa Morogoro mama yake anajulikana na kila mtu, na benchi la upimaji lina macho mengi. Tukachukua vipimo vya kujipima, vile vya mate, kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Sheria yetu ilibadilishwa mwaka 2019 ndipo mtu akaruhusiwa kujipima mwenyewe. Kenya walikuwa wameshaanza tangu 2017.

Kupima kwenyewe si kazi. Huli wala hunywi chochote kwa robo saa kabla, na kama umepiga mswaki unasubiri nusu saa. Unapitisha kijiti kwenye ufizi wa juu mara moja, wa chini mara moja, kisha unakitumbukiza kwenye kichupa chenye maji yake. Siyo shavuni wala kwenye ulimi, ni kwenye ufizi, maana kinachotafutwa ni majimaji yanayotoka hapo. Rangi ya waridi ikapanda taratibu kwenye kidirisha halafu ikafifia, ukabaki mstari mmoja mbele ya herufi C, ule wa kuonyesha kwamba kipimo kimefanya kazi. Mbele ya T, penye jibu lenyewe la VVU, hapakuwa na kitu, changu na chake vilevile. Tulisoma baada ya dakika 20, kama karatasi ya maelekezo inavyotaka.

"Basi, tumemaliza," akasema. Nilijua anamaanisha nini. Tuache kondomu.

Mimi ni mtu wa vitabu vya hesabu, kazi yangu iko kwenye SACCOS, na karatasi isiyo na tarehe siisaini. Nikampigia yule mhudumu. Akaniuliza swali moja tu: "Mdogo wangu, mara ya mwisho kila mmoja wenu kuwa hatarini ilikuwa lini?"

Akanieleza. Kipimo kile hakitafuti kirusi, kinatafuta kingamwili, ambazo mwili unazitengeneza baada ya kirusi kuingia. Zinahitaji muda kufikia kiasi cha kuonekana. Kwa wengi ni wiki chache, lakini kwa kipimo cha mate hupaswi kuamini jibu hasi mpaka miezi 3 ipite tangu tukio la mwisho la hatari. Nilimwelewa haraka kwa sababu ya kazi yangu: ni taarifa ya akaunti iliyofungwa robo mwaka iliyopita, na miamala iliyofanyika baada ya hapo haimo. Akaongeza kwamba kama tukio lenyewe lingekuwa juzi, kusubiri kipimo kusingekuwa na maana. Ungekimbilia kituoni ukapate PEP, dawa za kuzuia maambukizi baada ya kuwa hatarini, ambazo huanzwa ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na kumezwa siku 28.

Kwa hiyo kazi ngumu haikuwa kijiti. Ilikuwa kumuuliza mwanaume tarehe.

"Ya zamani ya nini tena?" akaniambia. Nikamjibu kwamba jina silihitaji wala sitaki kuliona, nataka mwezi. Akanyamaza kidogo, akachukua simu, akaanza kupekua ujumbe wa M-Pesa. Alikuwa anatafuta nauli aliyomtumia yule dada mara ya mwisho. Akaipata: mwishoni mwa Januari. Na sisi tulijipima Machi. Ukweli ni kwamba nilicheka, naye akacheka, na hapo ndipo mazungumzo yalipolainika. Yangu yalikuwa ya zamani zaidi, lakini hesabu yangu ilifungwa na yake, kwa kuwa tulikuwa pamoja tayari. Tukapanga kupima tena Mei, na kondomu zikabaki palepale.

Katikati ya kusubiri niliamua kujua kipimo chenyewe kina uzito gani, hata ukiweka miezi 3 pembeni. Kile cha mate tulichotumia, OraQuick, kiliidhinishwa Marekani mwaka 2012 baada ya kujaribiwa na watu wa kawaida wakijipima wenyewe. Kwa wenye maambukizi kiligundua takribani asilimia 92, yaani mmoja kati ya 12 hivi aliambiwa hana ilhali anayo. Kwa wasio na maambukizi kilikuwa sahihi kwa asilimia 99.98, mmoja tu kati ya 5,000 alitishwa bure.

Nikaziweka kwenye karatasi. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 ulikuta asilimia 4.4 ya Watanzania wa miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU. Chukua watu 1,000 wa namna hiyo wajipime: 44 wanao, na kipimo kinawakamata kama 40. Wengine kama wanne wanarudi nyumbani na jibu hasi, wamo ndani ya kundi la watu 960 hivi walioambiwa hasi. Kwa hiyo jibu hasi ni habari njema kweli, ila wale wanne wapo. Upande wa pili, kati ya 956 wasio nao, anayepata chanya ya uongo huenda asiwepo hata mmoja. Ndiyo maana huwa sikubaliani na wanaosema "hivyo vidude vinadanganya" pindi tu mistari miwili inapotokea. Mistari miwili ikionekana ndani ya muda wa kusoma, hata ule wa T ukiwa hafifu kama kivuli, unakwenda kituoni. Haiitwi bado majibu ya mwisho, kwa sababu kituoni watarudia kwa vipimo vingine vya damu ndipo wathibitishe.

Hiyo ya "ndani ya muda" niliiona kwa rafiki yangu. Alijipima usiku, akasoma mstari mmoja, akaacha kijiti juu ya meza. Asubuhi akakuta mstari wa pili, mwembamba. Akanipigia analia. Kipimo hiki kinasomwa kati ya dakika ya 20 na ya 40; kinachojitokeza baada ya hapo hakihesabiwi, kiwe kizuri au kibaya, kama ambavyo kijiti kisicho na mstari wa C hakihesabiwi kabisa. Lakini sikumwambia alale salama. Nilimwambia jibu la asubuhi halina thamani, na kwa kuwa roho imeshatibuka, twende tukapime upya. Tulikwenda. Majibu yake ni yake, hayaandikwi hapa.

Mei ilipofika mchumba wangu ndiye aliyesema twende kituoni, hataki tena kijiti. Benchi lilikuwa na watu wawili, na mmoja alikuwa anasinzia. Wakatutoboa vidole, tukakaa na mshauri nasaha chumba kimoja kwa ridhaa yetu, akatuuliza tarehe zilezile. Safari hii tulikuwa nazo. Hasi, wote wawili, na miezi 3 ilikuwa imekwisha kupita.

Nyumbani kulibaki kipimo kimoja ambacho hakijafunguliwa. Nilikiweka kabatini, mbali na dirisha, kwa kuwa hakitakiwi kukaa kwenye joto linalozidi nyuzi 30, na Morogoro mwezi wa pili unaijua. Juzi binamu ya mchumba wangu alikuja kukiomba. Nilitazama kwanza tarehe ya kuisha muda, nikamuuliza kama anatumia ARV au dawa yoyote ya kujikinga na VVU, maana dawa hizo zinaweza kufanya kijiti kionyeshe hasi isiyo ya kweli. Akasema hatumii. Nikampa, pamoja na namba ya yule mhudumu.