Darasa la jiometri Marekani: mwanafunzi aliyetoka Afrika Mashariki ajiandae na nini

Mwanafunzi aliyesoma Dar au Nairobi akiingia sekondari ya Marekani hukuta jiometri imekaa peke yake kwenye ratiba: mwaka mzima, mwalimu wake, alama zake. Nyumbani jiometri imechanganywa ndani ya hisabati, pembe mwaka huu, Pythagoras mwaka ujao, duara baadaye. Marekani shule nyingi huanza na Aljebra 1, ikafuata Jiometri, kisha Aljebra 2, na wengi huisoma jiometri wakiwa darasa la 9 au la 10.

Maumbo yenyewe hayatakushangaza. Kama umefika Form Three umeshakutana na sehemu kubwa ya yanayofundishwa. Kitakachokusumbua ni namna ya kujibu. Umezoea kufika kwenye jibu kwa haraka na kulipigia mstari chini. Hapa swali zima linaweza kukosa hata namba moja, na jibu wamekuandikia wenyewe. Wanachotaka ni sababu ya kila hatua.

Uthibitisho huandikwa kwa safu mbili, kushoto unachodai na kulia sababu yake. Tuseme una pembetatu ABC, umeambiwa AB = AC na kwamba D ni nukta ya katikati ya BC. Thibitisha kwamba pembe B ni sawa na pembe C. Unachora mstari AD, halafu unaandika:

AB = AC — tumepewa
D ni katikati ya BC — tumepewa
BD = DC — ndiyo maana ya nukta ya katikati
AD = AD — upande wa pamoja
Pembetatu ABD na ACD zinalingana — SSS
Pembe B = pembe C — CPCTC

Herufi hizo utaziona kila siku. S ni upande, A ni pembe. SSS ni pande tatu kwa pande tatu. SAS ni pande mbili na pembe iliyo katikati yake. ASA ni pembe mbili na upande ulio kati yake. AAS ni pembe mbili na upande usio kati yake. HL ni ya pembetatu zenye pembe mraba tu: upande mrefu zaidi na mmoja wa pande zinazobaki. CPCTC husema kwamba pembetatu zikishalingana, kila sehemu inalingana na mwenzake. Ndiyo maana haiwezi kutangulia. Anayeiandika kabla ya kuthibitisha kwamba pembetatu zinalingana amekula chakula ambacho hakijapikwa, na alama zinakatwa.

Kosa linalorudiwa zaidi ni kuamini mchoro. Kwenye swali hilo wengi huandika kwamba AD inagawa pembe A sawasawa, kwa kuwa inaonekana hivyo. Ni kweli inaigawa, lakini hukuambiwa, na bado hujaithibitisha. Kosa la pili ni mpangilio wa herufi. Ukisema ABD inalingana na ACD, umesema A inakwenda na A, B na C, D na D. Ukiandika ABD na CAD umedai jambo jingine kabisa, ambalo si kweli.

Halafu kuna SSA, ambayo haimo kwenye orodha, na wanafunzi huitumia hata hivyo. Usikariri tu kwamba imekatazwa; chukua rula uone. Chora pembe ya digrii 30, pima sentimita 10 kwenye mkono mmoja, kisha kutoka hapo ulipofika weka bikari yenye upana wa sentimita 6 na uzungushe. Tao litaukata mkono wa pili mara mbili, karibu sentimita 5.3 na karibu sentimita 12 kutoka kwenye kona. Vipimo ni vilevile vitatu, pembetatu ni mbili tofauti.

Kuna jambo moja ambalo huenda ukalikuta limegeuzwa. Tangu viwango vya Common Core, yaani viwango vya masomo vinavyotumiwa na majimbo mengi, vitoke mwaka 2010, shule nyingi huanza na kusogeza, kuakisi na kuzungusha maumbo, na maumbo mawili husemwa yanalingana pale moja linapoweza kupelekwa juu ya jingine kwa njia hizo. Kariri chache: kuzungusha digrii 90 kinyume cha saa kuzunguka chanzo, yaani (0, 0), hufanya (x, y) kuwa (−y, x); digrii 180 hufanya (−x, −y); kuakisi kwenye mstari y = x hubadilishana namba tu, (y, x). Ya kwanza na ya mwisho ndizo zinazochanganywa. Jaribu na nukta (3, 1) kwenye karatasi ya miraba kabla ya kujibu: ya kwanza inakupa (−1, 3), ya mwisho (1, 3).

Aljebra nayo haikuachi. Mistari miwili sambamba imekatwa na wa tatu, pembe moja ni 3x + 10 na nyingine 5x − 20. Kama ni pembe mbadala za ndani, ziko sawa: x = 15, na kila pembe ni digrii 55. Kama ni pembe za ndani za upande mmoja, jumla yake ni 180: 8x − 10 = 180, x = 23.75, na pembe ni 81.25 na 98.75. Kwa hiyo kabla ya kuandika mlinganyo, amua kwanza ni jozi gani. Na usome swali hadi mwisho, kwa sababu wengi huandika 15 wakati walichoulizwa ni pembe.

Michoro ya bikari ni eneo ambalo waliosoma Kenya na Tanzania mara nyingi huwa mbele ya darasa. Kugawa kipande cha mstari katikati kwa pembe mraba: fungua bikari zaidi ya nusu ya urefu wa kipande, piga matao kutoka ncha zote mbili bila kubadilisha upana, unganisha yanapokatana. Usifute matao. Hayo ndiyo yanayosahihishwa.

Nusu ya pili ya mwaka ina hesabu zaidi. Kwenye trigonometria, waliozoea majedwali ya tarakimu nne sasa watatumia kikokotoo, na kabla ya kitu chochote kikaguliwe kama kiko kwenye digrii. Andika sini ya 30: ikitoka 0.5 endelea, ikitoka −0.988 kiko kwenye radiani na majibu yako yote yatakuwa mabaya. Mara nyingi pia watataka jibu libaki kwenye kipeuo, yaani √72 iandikwe 6√2, si 8.49. Waliosoma kwa Kifaransa wakumbuke kwamba huku desimali ni nukta, si mkato.

Kwenye duara, kanuni inayoangusha wengi ni hii: kutoka nukta moja nje ya duara, mstari mmoja unaligusa duara na mwingine unalikata. Kipande cha nje cha mstari unaokata ni 4, cha ndani ni 5. Kipande cha mstari unaogusa, kikizidishwa kwa chenyewe, ni sawa na kipande cha nje mara urefu wote: 4 × 9 = 36, kwa hiyo ni 6. Anayezidisha 4 × 5 anapata 20 na kuanza kutafuta kipeuo cha ajabu.

Maeneo na ujazo ni rahisi kuliko yote hayo, isipokuwa vipimo. Futi moja ni inchi 12, lakini futi moja ya mraba ni inchi za mraba 144, na futi moja ya ujazo ni inchi za ujazo 1,728. Anayegawa kwa 12 kila mahali hukosea kimyakimya, maana namba inayotoka haionekani mbaya.

Mwanafunzi aliyeandikishwa kama anayejifunza Kiingereza amuulize mwalimu mapema, si wiki ya mtihani, kama anaruhusiwa kamusi ya tafsiri ya neno kwa neno na muda wa ziada. Majimbo mengi yana utaratibu huo. Na daftari la jiometri lisitupwe mwaka ukiisha. Kwenye SAT, mtihani wa kuombea nafasi chuoni, jiometri na trigonometria huchukua takriban asilimia 15 ya maswali ya hisabati. Karatasi ya kanuni unapewa na kikokotoo kinaruhusiwa muda wote, lakini hakuna kitakachokuambia ni kanuni ipi ya kutumia.